Pakistan: "Sote ni Waislamu" Haijibu Swali la Gesi

Machi 1948, miezi saba baada ya Pakistan kuzaliwa, mwanzilishi wake, Muhammad Ali Jinnah, aliwaambia Wabengali mjini Dhaka, katika sehemu ya mashariki ya nchi, kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu, basi. Wabengali walikuwa zaidi ya nusu ya wananchi wote. Hawakuukana Uislamu wala Pakistan; walichotaka ni lugha yao itambuliwe. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi walipigwa risasi kwa dai hilo. Katika uchaguzi wa 1970 Awami League, chama cha Wabengali, ilipata viti 160 kati ya 300 vya kupigiwa kura, na watawala wa kijeshi wakakataa kukabidhi madaraka. Mwaka uliofuata nusu ya nchi ikawa Bangladesh.

Majenerali walijifunza nini hapo? India. Na si uzushi: jeshi la India liliingia vitani, na tarehe 16 Desemba 1971 wanajeshi wa Pakistan wakasalimu amri Dhaka. Tangu hapo kila kabila linalodai chake hushukiwa kutumwa na adui. Wanachosahau ni kwamba India iliukuta ufa tayari, ilipanua tu.

Leo ufa uko Baluchistan, jimbo lenye zaidi ya asilimia 40 ya ardhi ya Pakistan na takriban asilimia 6 ya watu wake. Gesi ya Sui iligunduliwa mwaka 1952, ikaendesha viwanda mbali na hapo, huku Quetta, makao makuu ya jimbo lenyewe, ikingoja mpaka miaka ya 1980. Mbaluchi akihoji, huambiwa kwamba sote ni Waislamu. Ni kweli, lakini yeye aliuliza habari za gesi.

Hata hivyo hoja ya usalama ina uzito, na wanaowahurumia Wabaluchi huipita haraka mno. Agosti 2024 wapiganaji wa Kibaluchi wanaotaka kujitenga walisimamisha magari wilayani Musakhail, Baluchistan, wakakagua vitambulisho, wakawashusha watu waliotoka Punjab, jimbo lenye watu wengi zaidi, na kuwaua. Walikufa zaidi ya 20. Hao walikuwa wasafiri, hawakumnyang'anya mtu gesi. Machi 2025 wapiganaji wa Kibaluchi wakateka treni ya Jaffar Express yenye abiria zaidi ya 400. Hakuna serikali inayoweza kukaa kimya mbele ya mambo hayo, na anayeua mtu kwa sababu ya kabila lake hawezi kujiita mkombozi mbele yangu.

Dola pia imewahi kusikiliza. Mgawo wa mapato ya taifa kwa majimbo, uliotiwa saini Gwadar, Baluchistan, mwishoni mwa 2009, uliacha kuhesabu idadi ya watu peke yake, ukaongeza umaskini na ukubwa wa ardhi isiyo na watu wengi, na Punjab ikakubali fungu lake lipungue. Mwaka 2010 marekebisho ya 18 ya katiba yalihamishia majimboni madaraka mengi. Kwa maoni yangu hatua hizo zililinda nchi kuliko operesheni nyingi za kijeshi. Ila fedha zilifika Quetta, na Wabaluchi waliendelea kutoweka, wakichukuliwa, kwa madai ya familia zao, na vyombo vya usalama bila kufikishwa mahakamani.

Hapo ndipo mizani yangu inapoinama. Mwaka 2013 familia za waliotoweka zilitoka Quetta kwa miguu hadi Karachi, kisha Islamabad, zikibeba picha za ndugu zao. Dai lao lilikuwa jepesi: kama wametenda kosa, wapelekwe mahakamani. Raia anayeidai mahakama ya nchi yake bado anaihesabu nchi hiyo kuwa yake. Daktari Mahrang Baloch, mwanaharakati wa Kibaluchi, alikulia katika machungu hayo. Baba yake alichukuliwa mwaka 2009, mwili ukapatikana 2011. Yeye alishika kipaza sauti, si bunduki. Siku chache baada ya treni kutekwa, naye alikamatwa, na wapiganaji wanaowaambia vijana kwamba maandamano hayana faida wakapata mfano wa kuonyesha.