Mafuta kabla ya cheche: tuyatazame kwa dirisha au kwa plagi?

Fundi wa bodaboda pale Katwe, Kampala, hufungua plagi na kutazama ncha yake: masizi meusi humwambia kuwa mafuta yamezidi, weupe humwambia kuwa hewa imezidi. Huo ni ujuzi wa kweli, lakini unasoma mabaki ya milipuko mingi iliyokwisha kupita, wala hauonyeshi mchanganyiko ulivyokuwa kabla ya cheche moja kuruka. Kwetu Uganda jambo hilo limepata uzito, kwa sababu sheria ya mwaka 2020 kuhusu nishati ya mimea inagusa uchanganyaji wa ethanoli, yaani alkoholi itokanayo na mimea, na petroli. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, ilhali ethanoli hutosheka na kilo 9 hivi; kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa kwa petroli tupu, ikipewa mchanganyiko huo, itapitisha hewa kupita kiasi.

Watafiti wana njia mbili za kuyaona mafuta hayo kwa mwanga. Katika ya kwanza, silinda huwekewa madirisha ya kwatzi, leza ya urujuanimno hupenya ikiwa bapa kama karatasi, na asetoni iliyotiwa ndani ya mafuta hung'aa, hata kamera ikapiga picha ya wingu zima. Kati ya njia hizo mbili, hiyo ndiyo inayoonyesha mengi zaidi. Hata hivyo, asetoni huchemka kwenye digrii 56, na isooktani, mafuta yanayotumika sana katika majaribio badala ya petroli, kwenye digrii 99, kwa hiyo kinachong'aa chaweza kugeuka mvuke kabla ya mafuta yenyewe. Tena injini ya madirisha haihimili kazi nzito ya muda mrefu.

Njia ya pili hupitisha unyuzi wa kioo ndani ya plagi. Mwanga wa infraredi wa maikromita 3.39 hufyonzwa na vifungo vya kaboni na hidrojeni vilivyomo katika mafuta, na kadiri mafuta yanavyozidi ndivyo mwanga unaorudi unavyopungua. Kasoro zake ni nzito: huona milimita chache tu, ufyonzaji hubadilika kwa joto na shinikizo, na ethanoli haifyonzi sawa na petroli.

Mbuni wa injekta, kifaa kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini, anahitaji picha nzima, nakubali. Lakini kwa swali letu, la mchanganyiko ulivyo kabla ya cheche, naegemea plagi, kwani milimita hizo chache ziko palepale moto unapoanzia, na injini inabaki ileile inayobeba abiria. Ningeanza na pikipiki ya kabureta, kwa petroli tupu, kisha kwa petroli yenye ethanoli asilimia 10, kipimo kikisawazishwa upya kwa kila mafuta na skrubu ya kabureta isiguswe.