Rimu za Subaru kwenye Premio: nati kuingia si kuenea

Msimu wa korosho ukichanganya, rimu zilizotumika huanza kushuka Mtwara kutoka Ilala kwenye buti za mabasi. Nyingi ni za Subaru, na nyingi huishia kwenye Toyota Premio na Allion. Sababu inajulikana: gari hizo, pamoja na Subaru nyingi za miaka ya 2000, zina nati tano kwenye duara la milimita 100. Rimu inaingia, nati zinakaza, gari linatoka gereji likimeremeta. Wengi hufunga hesabu hapo, ilhali haijaanza.

Anza na tundu la katikati. Habu ya Premio, yaani kitovu cha chuma ambacho rimu hufungwa juu yake, ina kipenyo cha milimita 54.1, tundu la rimu ya Subaru ni 56.1. Inabaki nafasi ya milimita moja kila upande. Rimu ikikazwa haijakaa katikati, usukani utatetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, na fundi wa balansi atalaumiwa bure, maana mashine yake inaipima rimu ikiwa imefungwa katikati sawasawa. Dawa ni ringi nne za kujazia nafasi hiyo, 56.1 nje na 54.1 ndani. Za plastiki ni rahisi, lakini ukishuka kutoka Newala kwenda Masasi na mzigo, breki zinapata moto na plastiki inalegea. Chukua za alumini.

Nati ndizo zinazonitia hofu kuliko yote. Bolti za Toyota ni milimita 12 zenye hatua ya uzi (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata) ya milimita 1.5, za Subaru ni 12 pia, ila hatua yake ni 1.25. Muuzaji akikupa rimu pamoja na nati zake, hizo nati ziache. Zitashika mizunguko miwili kwa mkono, kisha bunduki ya upepo italazimisha na kula uzi wa bolti. Kosa la pili ni la kinyume chake: kutumia nati za rimu ya sport ya Toyota, zile zenye shingo na washa bapa. Tundu la Subaru limechongwa kwa mteremko wa koni, kwa hiyo washa bapa inakaa ukingoni tu. Leo imebana, baada ya matuta kadhaa imelegea. Unachotaka ni nati 20 mpya za koni, uzi 12 kwa 1.5.

Sasa upana. Geuza rimu usome mgongoni, au mwambie muuzaji akupige picha ya mgongo kabla hujatuma pesa. Ukikuta 17x7JJ 55, maana yake ni kipenyo cha inchi 17, upana wa inchi 7, na ofseti ya milimita 55, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Ofseti ikiwa kubwa, gurudumu linazama ndani. Ikiwa ndogo, linatokeza nje. Chukulia rimu yako ya zamani ni 6J, yaani upana wa inchi 6, ofseti 45. Nusu ya upana wake ni 76.2, jumlisha 45, ukingo wa ndani uko milimita 121.2 kutoka usawa wa habu. Rimu ya 7J ofseti 55 ni 88.9 jumlisha 55, yaani 143.9. Imeingia ndani karibu milimita 23 zaidi, kuelekea shokapu. Nje imeongezeka chini ya milimita 3 tu. Ndiyo maana mtu anaangalia madigadi, anaona nafasi tele, anaridhika, huku tairi inasaga shokapu kule asikokuona.

Spesa ya milimita 5, yaani bamba linalowekwa kati ya habu na rimu kuisogeza nje, inasaidia kidogo. Ukishaiweka, hesabu mizunguko ya nati kwa mkono: isipofika minane kamili kabla ya kubana, bolti ni fupi, itoe. Spesa nene za kupachika tu bila bolti ndefu sizikubali kabisa. Kipimo kizuri ni kubaki angalau milimita 5 kati ya tairi na shokapu, usukani umekatwa hadi mwisho pande zote, kisha watu watatu nyuma na gunia kwenye buti, ndipo uchungulie madigadi ya nyuma.

Kuhusu tairi, watu hudhani pana hubeba zaidi. Soma namba ya mzigo ubavuni. Tairi ya 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) yenye namba 91 inabeba kilo 615. Ya 215/45R17 ya kawaida ina 87, yaani kilo 545. Umepoteza kilo 70 kwa kila gurudumu, na ubavu umepungua kutoka milimita 127 hadi 97. Kwenye mchepuo wa kifusi, kama ule tuliouzoea Somanga baada ya kimbunga Hidaya kukata barabara Mei 2024, ubavu mfupi unabanwa kati ya jiwe na rimu. Tairi inatoka nundu na rimu inapinda mdomo wa ndani.

Kwa Kusini, mimi naishia inchi 16. Rimu ya 6.5J ofseti 48 inaingia ndani milimita 9 tu na kutoka nje 3, na tairi ya 205/55R16 yenye 91 ina kimo kinachotofautiana na 195/65R15 kwa chini ya milimita 3. Spidomita haidanganyi, mzigo haupungui. Atakayesema haipendezi kama 17, sibishani naye.

Wakati wa kufunga, piga brashi ya waya kwenye uso wa habu mpaka kutu iishe, pakaza grisi nyembamba kwenye shingo ya habu na ringi. Kwa hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani, alumini na chuma hugandana hadi utafute nyundo siku ya pancha. Uzi wa bolti usiupake chochote. Kaza kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa bado kwenye jeki, halafu malizia chini kwa spana ya kipimo, nyutoni mita 103. Ukiondoka Mtwara, ukifika Lindi kagua tena. Hiyo ni kama kilomita 100 na ushee, inatosha rimu kujikalisha. Tairi ya akiba ya chuma ibaki ileile: nati mpya za koni zinaikaza bila shida.