Zhī zú haikutungwa kwa ajili ya mwenye njaa

Mishahara ikichelewa tu, kwenye makundi ya WhatsApp haikosekani ile picha ya mlima na ukungu: “Wachina husema, aridhikaye hana shida.” Anayetumiwa picha hiyo ni yule ambaye hajalipwa. Inakera, kwa sababu nahau yenyewe haikuanza kwa kumsema mtu kama huyo.

Ni zhī zú cháng lè, silabi nne kama zilivyo chengyu nyingi, yaani nahau za kale za Kichina: kujua, kutosha, daima, furaha. Uzito uko kwenye kujua. Kuvumilia hakumo. Ni kujua pa kukomea, na asiyepata kitu atakomea wapi? Sisi tuna neno kukinai, na hakuna anayekinai kabla ya kula.

Fuata wazo hili hadi chimbuko lake, utafika Daodejing, kitabu cha kale cha falsafa ya Kichina, sura ya 46, na sura hiyo inaanza na farasi. Nchi ikienda sawa, farasi wa mbio hurudishwa mashambani kwenye kazi ya samadi. Ikiharibika, farasi wa vita huzalia mipakani. Baada ya hapo ndipo inaposemwa kwamba hakuna balaa kubwa kuliko kutojua kutosheka. Mkulima ana farasi gani wa vita? Anayeonywa ni mtawala!

Na mtawala mmoja alikiri kwa mkono wake. Mwaka 32 BK, Kaizari Guangwu wa nasaba ya Han, China, alimwandikia jemadari wake Cen Peng kwamba taabu ya binadamu ni kutotosheka: eneo la Long limeshatulizwa, sasa macho yake yameelekea eneo la Shu, na kila akituma jeshi nywele na ndevu zake huzidi kuwa nyeupe. Hapo ikazaliwa dé Lǒng wàng Shǔ, kupata Long na kuitolea macho Shu. Alijua, na jeshi likaenda vilevile. Mwaka 35 Cen Peng akauawa katika vita hivyo vya Shu.

Haya, ipo suí yù ér ān, kutulia popote hali itakapokufikisha. Hiyo mtu hujiambia mwenyewe. Ukimwambia mwingine, tena wewe ndiye uliyemfikisha hapo, umemtukana.

Xīn ān lǐ dé nayo ina sharti: moyo umetulia kwa sababu ulichotenda ni haki. Na ān jū lè yè inataja makazi ya amani kwanza, kisha kazi inayofurahisha. Anayedaiwa kodi ya miezi mitatu kwa sababu mwajiri hajamlipa hana hata moja kati ya hayo mawili.