Debe la Dagaa Lililopoteza Sifuri

Kumekucha tu, mama mdogo, niliyemtengenezea tovuti ya kuuzia dagaa, akanipigia. Salamu hakuna. "We mtoto, njoo Mwaloni sasa hivi uwaeleze watu wako debe la dagaa la shilingi 3500 linauzwa wapi!"

Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nikakuta kina mama wamejaa mbele ya kibanda chake, ndoo tupu mkono huu, simu mkono ule. Hakuna aliyenipa hata mwangaluka, salamu ya Kisukuma. Mmoja akanisogezea simu mpaka puani. Kweli bwana: "Debe 3500". Nikafungua laptopu: "Debe 35000/=". Sifuri ipo, imetulia zake.

Kisa chenyewe ni kioo. Tovuti ya mama mdogo mwanzoni ilitoka kwenye simu na herufi za kusomea darubini, maana simu isipoambiwa upana wake hujifanya kompyuta yenye upana wa pikseli (nukta za kioo) 980, halafu inabana kila kitu kiingie. Mtindo huo umeanza na iPhone ya 2007. Nikaweka mstari wa kuiamuru itumie upana wake halisi. Herufi zikanenepa, ila jedwali la bei lilikuwa la pikseli 400, na simu nyingi za pale zina 360. Mama mdogo akaja juu: ukurasa unayumba kama mtumbwi, anataka utulie. Nikaufungia usisogee pembeni. Ukatulia, na pikseli 40 za kulia zikazama na sifuri ya mwisho. Mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alishaandika mwaka 2010 kwamba ukurasa ujipange kufuata kioo. Sawa, lakini Marcotte hajawahi kufokewa na mama mdogo.

"Jamani, hebu lazeni simu," nikasema.

Wakalaza. Kioo kikapata upana, sifuri ikachomoza kwenye simu zote kwa mpigo. Nikajua yameisha.

"Kapandisha bei tunamwona!"

"Tena kwa mdomo tu, hajagusa kitu!"

Mama mmoja wa Igoma akaisimamisha yake: sifuri ikapotea. Akailaza: ikarudi. Akaisimamisha tena, akaikumbatia kifuani. "Mimi nanunua ikiwa imesimama."

Nikakaa juu ya gunia, pale kwenye upana wa jedwali, badala ya 400 nikaandika asilimia 100, nikapandisha mtandaoni. "Haya, fungueni ukurasa upya." Hakuna aliyegusa kioo. Yule wa Igoma alishazima data kitambo.

Mama mdogo, ambaye biashara imemkuza, akainua kopo kubwa la kupimia. "Mmeona 3500? 3500 ndiyo hii." Akawapimia, juu akaongeza kiganja. Walinung'unika, lakini jua lilishapanda na nauli ya kuja haikuwa ya bure, wakanunua. Siku za kawaida kopo lile ni 3000. Nikanyamaza.

Jioni nikafuata changu. Tulikubaliana 350000, na meseji ipo WhatsApp. Akanihesabia 35000.

"Mama, hebu isome vizuri ile meseji."

Akavaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaivuta karibu. "Huku kwangu naona 35000, mwanangu."

Nikamwomba ailaze. Akaifunga kwenye pindo la kanga.