Asilimia 2.3 si kidogo
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, ni nyembamba mno kufaa kama kihisi cha mwanga, eti tabaka moja hunyonya asilimia 2.3 tu ya mwanga. Sikubaliani naye. Kwa unene wa atomi moja, hiyo ni nyingi sana! Nikiwa chuoni nilibandua grafiti (kaboni ya kwenye penseli, ambayo ni matabaka ya grafini) kwa selotepu, kama wanafizikia Geim na Novoselov kule Manchester mwaka 2004, nikaibandika kwenye kipande cha silikoni chenye tabaka la oksidi la nanomita 300 juu yake. Kwa hadubini ya kawaida tu nikaliona tabaka, kivuli hafifu juu ya rangi ya zambarau ya oksidi. Kinachonisumbua mimi ni unyevu: atomi zote ziko juu, hewa inazigusa, kipimo kinayumba. Aliyewahi kukitumia kihisi kama hiki nje ya maabara, alikikingaje?