Pedi Hii Inabeba Kiasi Gani?

Chupa ya maji imeandikwa mililita 500. Sabuni ya unga imeandikwa gramu. Hata kiberiti kimeandikwa idadi ya njiti, ingawa sijawahi kumwona mtu akizihesabu. Sasa chukua pakiti ya pedi, kwenye famasi za Double Road au kwenye viduka vya Pasua, popote hapa Moshi, uigeuze mbele na nyuma. Utaambiwa zina mabawa. Utaambiwa zina harufu ya maua. Utaoneshwa matone matatu ya bluu, mawili yamepakwa rangi na moja halikupakwa. Lakini pedi moja inabeba damu kiasi gani? Pakiti ninazonunua hazisemi.

Kwa mwanamke anayetoka damu ya kawaida hilo si tatizo kubwa. Hedhi ya kawaida, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, ni mililita 30 hadi 40 tu, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula. Pedi yoyote itamvusha. Mimi si mwanamke huyo, na wenzangu nawajua hata kama hatujawahi kusemezana: ni yule anayekaa nusu kalio kwenye Coaster ya Arusha, anayevaa sketi nyeusi kila zinapofika tarehe zile zile, aliyefunga sweta kiunoni saa saba mchana na jua la Machi. Ni yule ambaye basi la Dar likisimama watu wakachimbe dawa, yeye ndiye wa kwanza kushuka na wa mwisho kupanda, huku konda akipiga kelele.

Kwetu sisi kununua pedi ni kubahatisha. Ukimwambia muuzaji unataka ya damu nyingi, anakuuliza, "Dada, ndefu au za kawaida?" Basi unachukua ndefu. Urefu una faida yake, hasa usiku ukilala chali damu inapokimbilia nyuma. Ila urefu si ujazo. Nimewahi kununua ndefu nyembamba, imeandikwa kabisa kuwa ni ya usiku, ikajaa katikati na kuanza kuvuja pembeni huku ncha zote mbili zikiwa nyeupe pee.

Sisemi nyembamba zote ni mbaya. Ndani yake kuna chembechembe za jeli zinazonyonya maji na kuyashikilia, ndiyo maana kwenye tangazo la televisheni wanamimina kile kimiminika cha bluu na pedi inabaki kavu juu. Lakini kile ni maji ya rangi. Damu ni nzito, ina chembe zake, ina protini, na kwa wengine wetu ina mabonge. Bonge halinyonywi na jeli yoyote. Linakaa juu, linasubiri usimame.

Na si matangazo tu. Kwa miaka mingi upimaji wa bidhaa hizi ulitumia maji au maji ya chumvi. Mwaka 2023, narudia, 2023, ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon, Marekani, walipochapisha matokeo ya kupima bidhaa 21 za hedhi kwa damu halisi ya binadamu, ile ya akiba ya hospitali iliyokwisha muda wake. Binadamu alishafika mwezini na kurudi mara kadhaa kabla ulinganisho kama huo wa damu halisi haujachapishwa. Walichokuta ni kwamba bidhaa zinatofautiana sana. Diski ya hedhi, kisahani laini kinachoingizwa ukeni kukinga damu, ambacho sijawahi kukiona dukani hapa mjini, ilibeba wastani wa mililita 61. Pedi, tamponi (vile vipamba vinavyoingizwa ukeni) na vikombe vya hedhi vinavyovaliwa ndani vilikuwa kati ya 20 na 50 hivi. Chupi za hedhi, hizo tunazooneshwa Instagram kila siku kuwa ni mkombozi wa mwanamke, zilibeba mbili. Mililita mbili! Labda zinafaa kwa siku ya mwisho ile ya matone, au juu ya kinga nyingine. Kwa siku ya pili ya mtu kama mimi, hapana.

Najua kuna atakayesema hizo ni namba za maabara, mwanamke anahitaji pedi, siyo hesabu. Mimi nasema namba hizo zingetusaidia hata pale ambapo pedi haiwezi kusaidia.

Ukienda hospitali ukasema unatoka damu nyingi, swali la kwanza ni hili: "Unatumia pedi ngapi kwa siku?" Ni swali zuri na daktari hana kosa kuliuliza. Tuseme unajibu sita. Lakini sita zipi? Sita nyembamba za bei ya chini, au sita za uzazi zilizo nene? Mwenye hela anabadilisha mapema kwa sababu hapendi unyevu, asiye na hela anaikalia moja mpaka ianze kuchubua mapaja. Wa kwanza atasema nane, wa pili atasema tatu, na huenda huyo wa pedi tatu ndiye anayepoteza damu zaidi. Kuna chati ya picha ambayo madaktari wamekuwa wakiitumia tangu mwaka 1990, iliyotoka Uingereza: pedi yenye doa dogo inapata alama 1, iliyolowa kiasi 5, iliyojaa kabisa 20, mabonge nayo yana alama zake, na jumla ikifika 100 kwa hedhi moja inahesabiwa kuwa nzito. Chati nzuri. Ila pedi iliyojaa ya Uingereza ya mwaka 1990 na pedi iliyojaa ya leo ya soko la Mbuyuni haziwezi kuwa kitu kimoja, na bila namba kwenye pakiti hakuna wa kutuambia zinapishana kwa kiasi gani.

Kipimo cha zamani cha hedhi nzito ni damu inayozidi mililita 80 kwa mzunguko mmoja. Siku hizi madaktari wengi wanasema usisubiri namba: kama damu inakuzuia kufanya kazi, kusafiri, kulala, hiyo tayari ni nzito. Nakubaliana nao. Hata hivyo mwanamke aliyelelewa kuambiwa "vumilia, ni mambo ya kike" hajui kuwa anazuiwa. Anadhani ndivyo maisha yalivyo. Huyo anahitaji namba, kwa sababu namba haimwambii avumilie.

Kuhusu bei sitakaa sana, maana limeandikwa sana. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Badala yake viwanda vipya vya pedi vikapunguziwa kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Kenya waliondoa VAT yao tangu 2004. Ninachotaka kuongeza ni kimoja tu: ile asilimia 18 ya VAT haikuwahi kutugusa sawasawa. Anayemaliza mwezi na pakiti moja aliilipa mara moja. Sisi ambao pakiti ya pedi nane inaisha kabla ya jua kuzama tuliilipa tena kesho yake, na keshokutwa.

Na kampeni za kugawa pedi mashuleni, aisee, nazishukuru kutoka moyoni, lakini mara nyingi huja na pedi za aina moja. Kila binti anapewa pakiti moja, picha inapigwa, watu wanaondoka. Binti anayetoka damu kama mimi nilivyokuwa kidato cha pili ataimaliza Jumanne na Jumatano atabaki nyumbani, na kwenye ripoti ataandikwa kuwa ni mnufaika.

Basi tunafanyaje wakati tunasubiri? Wengi tunavaa mbili kwa pamoja. Tatizo ni kwamba ile ya juu ina plastiki chini, kwa hiyo damu haishuki kwenye ya pili; inapita pembeni tu. Jirani yangu huchana ile plastiki kwa wembe kabla hajaivaa. Uhandisi huo haufundishwi VETA. Bora kuzipanga moja mbele na moja nyuma, zipishane katikati, kuliko kuzirundika.

Ukipita maduka ya dawa yaliyo karibu na hospitali, ulizia pedi za uzazi, zile wanazonunuliwa waliojifungua. Ni nene, hazipendezi, zinaonekana ukivaa suruali, na zinafanya kazi. Usiku wa siku nzito wengine tunamalizia na pampasi ya watu wazima. Nilipoitaja mara ya kwanza mbele ya wanawake wenzangu walicheka, kisha mmoja akanifuata pembeni kuuliza ninanunua wapi. Imetengenezwa kwa ajili ya mkojo, siyo damu, kwa hiyo usitegemee ahadi zake zote, lakini inafunika kila upande na shuka linapona.

Vitambaa vya kufua ni nafuu kwa mfuko na Moshi maji tunayo. Kwa hedhi nzito lakini unahitaji vingi, na vinatakiwa vikauke kabisa, juani. Nani anakausha flana nzito hapa mwezi wa saba, wiki nzima mlima umejifunika na hata soksi zinalala kwenye kamba siku mbili? Kitambaa kibichi ndicho kinacholeta muwasho.

Tamponi ziko kwenye supamaketi chache, zile wanakonunua wapanda mlima, na mara nyingi ni za saizi ndogo. Ajabu ni kwamba hizi ndizo zenye utaratibu: Marekani kila pakiti ya tamponi lazima ioneshe daraja lake kwa gramu, ile ya kawaida ni 6 hadi 9, kubwa 9 hadi 12, na kuendelea mpaka 18. Sheria hiyo haikuja kwa hisani. Ilikuja baada ya wanawake kuugua na kufa kwa sumu ya bakteria miaka ya 1980, iliyohusishwa na tamponi zenye uwezo mkubwa mno wa kunyonya. Ndiyo maana inashauriwa isikae zaidi ya saa nane. Kwa hiyo inawezekana kupima na kuandika. Kinachokosekana ni mtu wa kulazimisha. Hapa kwetu TBS ndiyo yenye kazi ya viwango, na hiki nadhani si kiwango kigumu: mililita ngapi, zimepimwa kwa kimiminika gani.

Kikombe cha hedhi nimekiacha mwisho kwa sababu ndicho ninachokitumia sasa, na nisingependa kukihubiri. Kinachukua mililita 25 hivi, kuna vikubwa zaidi. Hapa Kilimanjaro shirika la Femme International limekuwa likifundisha wasichana kuvitumia. Woga wetu mkubwa ni kwamba kitapotelea tumboni. Hakiwezi, shingo ya kizazi haina nafasi ya kukipitisha. Miezi ya kwanza ni ya tabu, kitavuja, utakasirika, na kwenye choo cha stendi kukivua ni kazi, maana unataka maji safi na mikono safi. Ukiwa na kitanzi, ongea na muuguzi kwanza, usije ukavuta uzi wake. Lakini vingi vina mistari ya kipimo pembeni, na hapo ndipo nilipopata jibu ambalo pakiti hazikunipa. Ukikimwaga kikiwa kimejaa mara tatu kwa siku moja, hizo ni mililita 75. Siku moja. Kumbuka ile 80 ni ya hedhi nzima.

Mwanamke akifika hapo, suala si tena duka gani lina pedi nzuri. Ukijaza pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au mabonge yakiwa makubwa, au siku zikizidi saba, nenda Mawenzi, nenda KCMC, nenda kituo chochote cha afya kilicho karibu. Ukiona kizunguzungu au moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu, nenda leo leo. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, homoni, kitanzi cha shaba, au damu yenyewe kuwa na shida ya kuganda. Zipo dawa za kupunguza utokaji wa damu, kuna tranexamic acid, hata ibuprofen huwasaidia baadhi, na kipo kitanzi chenye homoni ambacho huipunguza sana. Kutolewa kizazi si jibu la kwanza, na anayekuanzia hapo muulize mengine yamefikia wapi.

Sisi Wachaga mzazi tunamnywesha mtori na kisusio, ile supu yenye damu ya mnyama, kwa sababu tunajua amepoteza damu. Anayeipoteza kila mwezi anaambiwa anywe juisi ya rozela. Rozela si mbaya, lakini haiwezi kufidia damu inayotoka kwa kasi hiyo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Si wote ni kwa sababu ya hedhi, malaria na lishe vimo. Ila usikubali kuondoka hospitali na sentensi ya "damu imepungua kidogo". Uliza Hb, yaani kipimo cha wingi wa damu, ni ngapi. Kwa asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu, na ukiambiwa nane au saba, vidonge vya madini ya chuma unavyopewa umeze miezi yote uliyoandikiwa, usivimeze na chai, kisha urudi upimwe tena.