Maharage Marehemu Yaliyopumua Kuliko Wazima

Siku ya maonyesho ya sayansi shuleni, huku pwani, maharage yaliyochemshwa yalipumua kuliko yaliyokuwa yakiota. Mgeni rasmi ni shahidi. Shati lake pia.

Swali la wanafunzi wa kidato cha tano lilikuwa jepesi: joto likipanda, upumuaji wa seli unapanda kiasi gani? Kifaa chake ni respiromita, nacho hakina makuu. Chini ya neli pana ya majaribio weka pamba iliyoloweshwa potasiamu haidroksaidi, juu yake pamba kavu ili dawa isiguse mbegu (inaunguza mbegu, na vidole haivibagui). Kisha gramu 5 za maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kuachwa hadi yachomoze mizizi. Ziba kwa kizibo cha mpira chenye matundu mawili: moja limepita neli nyembamba ya kioo, kipenyo cha ndani milimita 1, imelala juu ya rula, la pili lina kipande cha mpira chenye kibanio. Paka vaselini pembeni mwa kizibo, tena usiwe bahili, maana kikivuja hupati kitu. Mdomoni mwa neli nyembamba ingiza tone la maji ya wino mwekundu.

Mbegu zinavuta oksijeni, kabonidayoksaidi zinayoitoa inanyonywa na dawa, hewa inapungua, tone linavutwa ndani. Unasoma milimita kwa dakika. Basi.

Kulikuwa na mabeseni matatu ya maji: nyuzi 10 kwa barafu, 20, na 30. Kila beseni neli tatu: maharage hai, maharage yaliyochemshwa, na shanga za kioo, zisizopumua, ili kuonyesha kama hewa yenyewe inabadilika. Kibanio kinaachwa wazi dakika 10 hewa ya ndani ilingane na maji, ndipo kinafungwa. Maharage hai hayakumwangusha mtu: milimita 5 kwa nyuzi 10, 11 kwa nyuzi 20, 23 kwa nyuzi 30. Kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi inazidi maradufu kidogo, kwa sababu vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za seli) vinachangamka. Ukivuka nyuzi 45 hivi vinaanza kuharibika na kasi inaporomoka, lakini huko hatukufika. Tulifika kwa mgeni rasmi.

"Shikamoo mheshimiwa. Hapa ni maharage hai," akaeleza binti wa zamu.

"Marahaba. Yanapumua kweli?" akauliza, na kabla hajajibiwa akaikamata neli kwa kiganja chote, akaichomoa majini na kuisogeza karibu na miwani.

Kiganja kina nyuzi thelathini na kitu. Neli ilikuwa ya nyuzi 20. Mililita 30 za hewa zikipashwa nyuzi moja tu zinatanuka kwa takriban mililita 0.1. Kwenye neli ya milimita 1, hiyo ni safari ya sentimita kama 13. Hapo ni nyuzi moja! Tone liligeuza njia, likapita rula nzima bila kusalimia, likatoka na kutua kifuani, juu kidogo ya mfuko wa shati jeupe. Wino mwekundu. Mlinzi wake akaruka.

"Si damu, mheshimiwa, ni wino," binti akasema. Msichana jasiri, akasonga mbele kwenye beseni la nyuzi 30. "Na hapa ni maharage marehemu. Haya tone lake halitembei."

Mgeni akainama, safari hii mikono nyuma. Akatazama rula. Akatutazama sisi wa maabara.

"Marehemu mbona anakimbia?"

Milimita 31 kwa dakika. Kwenye nyuzi 20 zilikuwa 12, kwenye 10 zilikuwa 3. Shanga za kioo zimetulia tuli, kwa hiyo hewa ya chumba haikuwa na hatia. Hata katika umauti maharage yalitii kanuni ya joto, tena kwa bidii kuliko wazima.

Neli ilipofunguliwa, harufu ilitoa maelezo yote. Gesi ya maabara ilikuwa imekwisha, maharage yakapelekwa jikoni na maagizo: yachemke dakika 20, yapoe, yalowekwe dakika 10 kwenye dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, yasuuzwe, yatumike siku ileile. Kuchemsha kunaua maharage, lakini spora (vijimbegu sugu) za baadhi ya bakteria zinastahimili maji yanayochemka. Ndiyo kazi ya klorini, na ndiyo sababu ya haraka. Jikoni yalichemshwa jioni ya kuamkia maonyesho, yakafunikwa, yakalazwa kando ya mafiga yasipoe. Klorini hakuna. Kitunguu kimo, kwa heshima ya mgeni. Usiku mzima wa uvuguvugu na maji, bakteria walizaliana kwa mamilioni, na kilichopimwa asubuhi ni pumzi zao.

Mama mpishi akaitwa. Akaja akijifuta mikono kwenye kanga, akasomewa shitaka mbele ya mgeni: maharage yaliyotakiwa yafe yamekutwa yanapumua.

"Mimi niliambiwa niyapike," akasema. "Mambo ya kuyazika sikuambiwa."